Kavumilia miaka mibaya yote, kaondoka mwaka mzuri: kwa nini walimu wakongwe wanaacha kazi sasa?

#1 Chaki Nyekundu

Wakuu, habari za jioni.

Ijumaa tumemuaga mwalimu wetu wa Hisabati. Hajastaafu wala hajahamishwa. Ana miaka 43, kazini 18, kaandika barua mwenyewe, notisi ya saa 24, akalipa mshahara wa mwezi mmoja kama utaratibu unavyotaka. Basi.

Alikuja ofisini saa nne, wakati wa chai, kurudisha mali ya shule. Vitabu vya kiada vinne, rula ya ubaoni, ufunguo wa kabati, na ile bikari kubwa ya mbao. Mguu mmoja wa bikari hiyo umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maana skurubu yake ilipotea zamani. Akanishika kidole akakiweka pale penye mpira: "Kaza hapa kwanza ndiyo uchore. Usipokaza, duara linakuwa yai." Mimi nafundisha Jiografia. Nikamuuliza kwa nini ananionyesha mimi. Akasema, "Kwani vipindi vyangu watampa nani?"

Sasa swali langu si la vijana. Kijana wa miaka miwili kazini akiondoka naelewa, hajaota mizizi. Huyu mwenzetu alianzia kwenye chumba cha udongo kwa mwanakijiji, akapita miaka ile ya kupanda madaraja kusimama, akala na kulala na madeni. Sasa kapandishwa, mshahara umesogea, shule ina umeme, na ndipo anaondoka. Na si yeye peke yake, ndani ya miaka mitatu katika kata yetu ni wa tatu, wote wa miaka 15 kwenda juu.

Mtu anavumilia miaka mibaya yote halafu anaondoka mwaka mzuri. Naomba mnisaidie kuelewa.

#2 Kipanga wa Ukerewe

Ana biashara huyo. Baada ya miezi sita utamkuta stendi na Noah mbili, anakununulia soda.

#3 Chaki Nyekundu

Kipanga, nimekaa naye meza moja miaka tisa. Anarudi kwao kulima alizeti na ana mpango wa mashine ya kusaga. Noah hana, hata pikipiki yake kaiuza.

#4 Mkulima wa Parachichi

Mwl, mimi niliacha 2021 baada ya miaka 16, niko Njombe. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Unauliza kwa nini sasa. Kwa sababu kabla ya sasa hakuweza. Mwalimu mwenye mkopo wa benki haachi kazi. Unachukua mkopo wa kiwanja, miaka sita. Ukifika wa tatu unaongeza wa kupaua, wanakukatia deni la zamani wanaanza kuhesabu upya. Sheria inasema makato yasiache chini ya theluthi moja ya mshahara, na hiyo theluthi ndiyo tunaishi nayo. Ikiisha tarehe kumi unaenda kwa wale wa kausha damu, unaacha kadi ya ATM na namba ya siri. Nilikuwa na mwenzangu ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuona mshahara wake kwa macho. Mkopeshaji ndiye alikuwa anakwenda kwenye mashine, anachukua chake, anamrushia kilichobaki kwa simu.

Siku meseji ya benki iliponiambia salio la mkopo ni sifuri, nilikuwa nyuma ya jiko la shule, nimekaa kwenye kigogo nasubiri uji. Niliisoma mara tatu. Nikajua moyoni kuwa mwaka huu ndio wangu, nikizubaa nitakopa tena.

Kwa hiyo mwaka mzuri ndio mwaka wa kuondoka. Ule mbaya umefungwa miguu.

#5 Karani wa Masjala

Niongezee kwa Mkulima, maana nakaa upande wa pili wa dirisha mnakoleta barua.

Iko namba moja inayozungumzwa kimyakimya: miezi 180. Ukishachangia mfuko wa pensheni miezi 180, yaani miaka 15, haki yako ya pensheni imekaa, hata ukiacha kazi leo, itakusubiri ufike miaka 55. Kabla ya hapo ukiondoka unakuwa umepoteza mengi. Ndiyo maana barua ninazopokea ni za watu wa miaka 15, 16, 18. Hawajachoka ghafla mwaka huo. Walikuwa wanahesabu.

#6 Mzee wa Kibatari

Na kikokotoo je, ile hesabu ya sehemu ya pensheni unayolipwa kwa mkupuo ukistaafu? Sisi wa zamani tulichukua nusu nzima tukajenga. Hawa wanaambiwa robo. Nani atangoja miaka 60 kwa ajili ya robo?

#7 Karani wa Masjala

Shikamoo mzee. Robo ilikuja na kanuni za 2018, kelele zikawa kubwa, Rais Magufuli akaisimamisha mwezi Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Kwenye bajeti ya 2024 wale ambao zamani, kabla ya hiyo 33, walikuwa kwenye 50 wakapandishwa hadi 40, na waliokuwa kwenye 25 wakapelekwa 35. Walimu wengi walikuwa mifuko ya zamani ya PSPF au LAPF, iliyokuwa ya 50, kwa hiyo wako kwenye 40.

Lakini nakubaliana nawe kwa jambo moja. Mtu aliyeingia kazini kwa ahadi ya nusu, akabadilishiwa akiwa njiani mara mbili, haamini tena namba yoyote utakayomwambia. Nimemwona mwalimu dirishani kwangu, nimempa maelezo yote ya 40, ananiangalia tu. Akaniuliza, "Na hiyo itakaa mpaka lini?"

#8 Mama Daftari

Samahanini kaka zangu, mmeandika pesa, mkopo, kikokotoo, pesa tena. Naomba niwatoe huko kidogo.

Nafundisha Kiingereza, mwaka wa 17 huu. Nina mikondo mitatu ya kidato cha pili, wastani wanafunzi 72 kila mkondo. Kiwango kinasema 40. Nikitoa insha moja, zinarudi 216. Nikizipa dakika mbili mbili tu, ambazo hazitoshi hata kusoma mwandiko wa wengine, ni saa saba na dakika kumi na mbili. Hiyo ni insha moja ya wiki moja, bado sijaandika andalio la somo, bado zamu, bado mwanangu anataka kuogeshwa.

Mwaka wa kwanza nilisahihisha zote, neno kwa neno, na kuandika chini "umejitahidi, angalia nyakati za vitenzi". Mwaka wa tano nikawa naweka vema na alama. Mwaka wa kumi nikaanza kuwaambia wabadilishane madaftari. Sasa insha natoa moja kwa muhula na Mungu anisamehe. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Nimeshuka ngazi mojamoja mwenyewe, nikijiona. Na kila nikikuta daftari la mwaka wa kwanza, lipo moja nimelitunza la msichana ambaye leo ni muuguzi, nikaona mwandiko wangu mwekundu umejaa ukurasa, nalia.

Mshahara ungekuwa mara mbili, daftari zingebaki 216.

#9 Nasubiri Ajira

Heshima kwenu nyote, lakini uzi huu unaniuma. Nimehitimu ualimu 2017. Nimejitolea shule mbili kwa elfu hamsini kwa mwezi inayochangwa na wazazi, mwezi mwingine haichangwi. Mwaka 2025 nimeingia kwenye usaili pamoja na maelfu ya wenzangu. Waliochoka waondoke kwa amani, sisi tuko mlangoni na vyeti mkononi.

#10 Mama Daftari

Mdogo wangu pole sana, na haki yako naiona. Ila akiondoka wa miaka 18, huingii wewe kesho. Kwetu aliondoka wa Fizikia, imepita miaka miwili, kiti kiko wazi. Vipindi vyake kapewa wa Kemia. Huyo wa Kemia sasa naye ameanza kunyamaza kwenye vikao.

#11 Nasubiri Ajira

Hilo sikulijua, madam. Nilidhani nafasi inafuata mtu.

#12 Ndukulusudi

Mniwie radhi, nitakwenda kinyume.

Chaki Nyekundu ana walimu watatu katika kata, kwa miaka mitatu. Kata ina walimu wangapi? Sabini, themanini? Hiyo si bomoabomoa. Mwalimu wa serikali Tanzania haachi kazi, kwa sababu nje hakuna kazi, mashahidi ni hawa kina Nasubiri. Linalonitisha mimi ni wale wanaoacha bila kuandika barua. Yupo, anasaini kitabu cha mahudhurio saa moja na nusu, anaingia darasani, anamwita kiranja aandike nukuu ubaoni, anatoka. Kichwani alishaondoka 2018. Huyo hamumhesabu kwa sababu hajafanyiwa sherehe ya kuagwa.

Huyo wa Hisabati walau kaondoka akiwa bado anajali bikari.

#13 Chaki Nyekundu

Ndukulusudi umenipiga pabaya. Sisi wenyewe ofisini kwetu tuko wangapi wa namna hiyo, nikianza kuhesabu nitaingia na mimi.

#14 Msikilizaji

Asanteni. Mimi ni mshauri nasaha. Anachokieleza Ndukulusudi na anachokieleza Mama Daftari wataalamu wanakiona kama kitu kimoja katika hatua tofauti, uchovu wa kazi (burnout). Mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, alikigawa mara tatu: kwanza moyo unaishiwa nguvu, pili unaanza kuwaona watu unaowahudumia kama mzigo tu, unawaita "hawa" badala ya majina yao, tatu unaona ulichofanya miaka yote hakina maana. Shirika la Afya Duniani 2019 liliingiza hali hii kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likasema wazi kuwa si ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa.

Hapo "usioshughulikiwa" ndipo penye neno. Maana huku kwetu mwalimu akisema amechoka anaambiwa ualimu ni wito. Daktari nae ana wito, lakini akimaliza zamu ya usiku anapumzika.

Angalieni jambo moja. Wanaochoka hivi aghalabu ni waliowasha moto sana mwanzoni. Asiyejali hachoki.

#15 Mzee wa Kibatari

Mimi ni mwalimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma 1974 lilipotaka watoto wote waingie shule, sisi tulichukuliwa tumemaliza darasa la saba, tukafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku tunafundisha. Nilikuwa na watoto 90 chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Hakuna msongo wala nini. Kwa nini? Kwa sababu nikipita kijijini mzee wa miaka 70 alisimama akavua kofia. Mtoto akikosea nikimwadhibu, baba yake alikuja jioni na kuku kushukuru. Leo mzazi anakuja na mgambo.

Heshima ndiyo iliyokuwa mshahara. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliacha ualimu mwaka 1954 lakini mpaka anakufa jina alilotaka ni Mwalimu.

#16 Kipanga wa Ukerewe

Mzee, 1955. Aliacha Pugu 1955 baada ya safari ya Umoja wa Mataifa, wamisionari walipomtaka achague kati ya darasa na TANU. Na hapo umejifunga bao mwenyewe: mwalimu mashuhuri kuliko wote nchini naye aliandika barua!

#17 Mzee wa Kibatari

Kijana umenirekebisha vizuri, 1955. Lakini hakuacha kwa kuchoka, aliacha kwenda darasa kubwa zaidi.

#18 Mama Daftari

Baba, kuku ni sawa, ila mimi ni mama pia. Mwanangu aliwahi kurudi na alama za fimbo mgongoni kutoka kwa mwalimu aliyekuwa na hasira zake za nyumbani. Kanuni za viboko zina mipaka na zilikuwepo. Nikiona mwalimu anapiga sana siku hizi najua hana dawa nyingine ya watu 72. Heshima ile ya kofia wengine waliilipia kwa mgongo.

#19 Mzee wa Kibatari

Hilo nalikubali, mwanangu. Tulipita mpaka wakati mwingine.

#20 Karani wa Masjala

Turudi kwenye swali la "kwa nini sasa", nina maelezo mengine kabisa na si ya pesa.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016, darasa la kwanza likafurika nchi nzima. Hesabuni. Aliyeingia la kwanza 2016 kamaliza la saba 2022, kaingia kidato cha kwanza Januari 2023. Mafuriko yale yalikaa shule za msingi miaka saba, sasa yamefika sekondari. Madarasa yalijengwa, tunakumbuka yale ya fedha za Uviko, vyumba 12,000 vya sekondari. Madawati yakaja. Lakini tofali halifundishi. Chumba kinajengwa kwa miezi mitatu, mwalimu wa Hisabati mwenye uzoefu anachukua miaka 18.

Kwa hiyo aliyeondoka hakuondoka mwaka mzuri. Kwenye karatasi ya mshahara ulikuwa mzuri. Darasani ulikuwa mwaka mzito kuliko yote aliyowahi kuona.

#21 Chaki Nyekundu

Karani, hii ya mafuriko kufika sekondari sikuwahi kuiwaza. Kidato cha kwanza 2023 kwetu tulipokea mikondo sita, mwaka uliotangulia ilikuwa minne. Walimu tulikuwa walewale kumi na mmoja.

#22 Ndukulusudi

Bado haielezi kwa nini wenzake kumi wamebaki. Mafuriko yamewakuta wote.

#23 Mama wa Watatu

Mimi si mwalimu, mume wangu ndiye. Alikuwa.

Tumefunga ndoa 2009. Yeye Kigoma, mimi Morogoro, nina kazi yangu. Kaomba uhamisho mara tano. Barua ya kwanza walisema nafasi hakuna. Ya pili ilipotea. Ya tatu mkurugenzi wa kule alikubali, wa huku hakukubali. Ya nne akapata mtu wa kubadilishana naye, wakakubaliana kila kitu, yule mtu akafariki kabla barua hazijatoka. Ya tano ni hii ya kwenye mfumo, ESS, unaomba kwa simu, nikasema hapa sasa. Ikakaa inasema "inashughulikiwa" miezi kumi na minne. Kila asubuhi alikuwa anaifungua kabla hajapiga mswaki, hata akiwa likizo hapa nyumbani. Naona mwanga wa simu gizani najua anaangalia.

Mtoto wetu wa pili akiwa darasa la kwanza aliulizwa shuleni baba yako anafanya kazi gani. Akajibu, "Anakuja Desemba."

Mume wangu hakuchoka kufundisha. Wanafunzi wake wanampigia mpaka leo. Aliacha kazi ili aishi nyumbani. Kwa hiyo mnaposema mkopo na mafuriko, wekeni na hili.

#24 Kipanga wa Ukerewe

Dada pole sana. Nimesoma hiyo ya "anakuja Desemba" mara mbili, sina la kuongeza.

#25 Mwalimu wa Kitui

Hamjambo ndugu zangu wa upande huo. Huku Kenya hali ni jirani ya hiyo. Sisi tulipelekwa mbali na nyumbani kwa mpigo, kuanzia 2018 hivi, tume ya walimu (TSC) ilipohamisha walimu wakuu na wengine nje ya kaunti zao. Familia nyingi zilipasuka. Halafu tuna TPAD, mfumo wa kumpima mwalimu, kujaza ulichofundisha na kupakia ushahidi. Mwalimu mkongwe wa miaka 56 aliye stadi wa kusoma uso wa mtoto na kujua hajala, anaonekana mzembe kwa sababu hajui kupakia faili.

Na vijana nao: 2023 waliajiriwa wanagenzi wa sekondari msingi kwa shilingi 20,000 za kwetu kwa mwezi, shahada ileile, kazi ileile. Wakagoma Mei 2024. Kwa hiyo mkongwe anachoka na kijana anaingia ameshavunjika moyo. Nani atamrithisha nani?

#26 Chaki Nyekundu

Karibu mwalimu. TPAD yenu ndiyo PEPMIS yetu, mfumo wa mtandaoni wa kupima kazi ya mtumishi. Ilipokuja kuchukua nafasi ya OPRAS ya karatasi tuliambiwa kazi itapungua. Kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya uwanja wa mpira. Jioni utakuta walimu watano wamesimama kwenye kichuguu wanajaza majukumu waliyotekeleza.

#27 Karani wa Masjala

Niutetee mfumo kidogo. Zamani mkubwa wako akikuchukia alikuandikia alama za chini kwenye karatasi, ikafungiwa kabatini, hupandi daraja na hujui kwa nini. Sasa unaona mwenyewe. Tatizo ni kwamba vya zamani havikuondolewa. Mwalimu anajaza mfumo na bado anaandika azimio la kazi, andalio, na taarifa ya mratibu wa kata ambayo ina mambo yaleyale.

#28 Mkuu wa Kijijini

Nimekuwa nasoma kimya siku tatu. Mimi ni mkuu wa shule, miaka sita sasa. Nitaongea upande wangu, na kuna mahali nitajisema.

Kila matokeo yakitoka tunaitwa kwenye kikao cha tathmini. Shule zinapangwa kwa mstari, ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka mmoja sisi tulikuwa wa tatu kutoka mwisho. Kiongozi mmoja aliniambia nisimame mbele ya wakuu wenzangu wote, akaniuliza hii posho ya madaraka 250,000 naila kwa kazi gani. Wengine walicheka. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa Biolojia kwa wanafunzi 600, na hilo hakuna aliyeniuliza.

Nilirudi shuleni na ile aibu kifuani, nikaitisha kikao, nikamsimamisha mwalimu wangu wa Hisabati mbele ya wenzake. Mtu wa miaka 20 kazini. Nikamuuliza maneno yaleyale niliyoulizwa mimi. Hakujibu. Alikaa akafungua kitabu chake. Baada ya mwaka alihamia shule binafsi, na barua yake ilisema "sababu za kifamilia".

Nimemtafuta nikamwomba radhi mwaka jana. Alisema yameisha. Lakini hakurudi, na sikutegemea arudi.

Wakuu wa shule mnaosoma hapa, mkitoka kwenye vikao vile pumzikeni siku mbili kabla ya kuitisha chenu.

#29 Mama Daftari

Mkuu, umefanya jambo ambalo wengi hawawezi, kulisema. Na umetoa sababu ya sita au ya saba kwenye uzi huu ambayo haimo kwenye barua yoyote. Mimi mwenyewe naweza kukumbuka sentensi moja niliyoambiwa 2013 na nguo niliyokuwa nimevaa siku hiyo.

#30 Mkulima wa Parachichi

Mkuu wa Kijijini, hapo umenikumbusha kwamba sikusema ukweli wote #4. Mkopo ulinifungulia mlango, sawa. Lakini kuna wenzangu mikopo yao iliisha na hawakutoka.

Niliingia kazini 2005. 2021 nilipopandishwa, nilikuta nimelingana daraja na kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kidato cha nne, naye yuko shule ya jirani. Sina kinyongo naye, alikuja kunisalimu na sukari kilo mbili. Lakini usiku nilihesabu: miaka ile ya kuanzia 2016, uhakiki wa watumishi ulipoanza na kila kitu kikasimama, ilikuwa imefutwa kama haikuwepo. Niliifundisha yote. Mvua na jua. Ningeambiwa tu asante kwa ile miaka, nadhani ningebaki.

#31 Karani wa Masjala

Ndiyo maana ya mserereko, kaka, kuwarudisha watu kwenye daraja walilostahili.

#32 Mkulima wa Parachichi

Ulikuja nimeshaandika barua.

#33 Ndukulusudi

Narudi nikiwa nimelainika. Nilisema nje hakuna kazi, lakini sasa naona wengi mnaoelezea hapa hawakufuata kazi nyingine. Mtu kaenda kwenye alizeti, mwingine nyumbani kwa watoto. Lakini bado nasisitiza: kama serikali ingejua ni wangapi wako kwenye hatua ya pili ya Msikilizaji, wanaowaita wanafunzi "hawa", ingeshtuka kuliko barua hizi chache.

#34 Msikilizaji

Swali la kumuuliza mwenzako ofisini si "umechoka?", atakwambia hapana. Muulize jina la mwanafunzi aliyemfurahisha wiki hii. Akikosa hata mmoja, mwite mkanywe chai.

#35 Chaki Nyekundu

Nimerudi kutoa mrejesho.

Mwenzetu nilimtumia uzi huu WhatsApp. Kausoma, alama mbili za bluu zikatokea saa tatu usiku. Hakujibu lolote kuhusu mkopo, kikokotoo, mafuriko wala madaraja. Saa tano akaandika: "Kidato cha tatu wamefika wapi?"

Nikamwambia mada ya duara. Vipindi nimepewa mimi kweli, kama alivyosema. Leo nimechora duara la kwanza, nikasahau kukaza mpira, likawa yai, watoto wakacheka na mimi nikacheka nao. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, anaitwa na wenzake Profesa, akasimama akaja akakaza mwenyewe. Anajua. Alikuwa anamwangalia mwalimu wake akifanya hivyo kila siku.

Mwenzetu kasema Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi atapita kunielekeza mada, nimlipie nauli tu. Sijui kama ni halali kiutaratibu. Karani, nisaidie hapo.

#36 Karani wa Masjala

Mkuu wako wa shule akiridhia na wazazi wakijua, sioni ubaya. Mwandikieni barua ya kumwalika, mweke nakala.

#37 Mwalimu wa Tabora

Samahani kwa kuingilia. Kuna mwalimu wa sekondari, Kiswahili na Historia, aliyeko Morogoro au Pwani anayetaka kuja Tabora? Niko tayari kubadilishana, shule iko kilomita nne kutoka lami, maji yapo, nyumba ya mwalimu ipo. Mke wangu yuko Kibaha na tuna mtoto wa miezi saba.

#38 Mama wa Watatu

Mwalimu wa Tabora, njoo inbox. Namjua mmoja, kwao Nzega, mama yake mgonjwa. Nitampigia leo jioni.